Daraja la Ukutani

Mzee Nganga wa Londiani alikufa akingoja daraja liishe. Si daraja la hapa kwetu. Hayo kila mtu huyangoja na hakuna anayeshangaa yasipoisha. Lilikuwa daraja la reli huko Uingereza, kwenye vilima vya kaskazini, na lilikuwa limekwisha kujengwa kabla hata babu yake hajatahiriwa. Kosa la Mzee Nganga lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa ameliona likiisha.

Alilijua kwa picha. Katika karne ya kumi na tisa, mji mmoja mdogo wa vilima vile ulikuwa na jarida lake lenye picha, lililotoka mara nne kwa mwaka na kusomwa na watu wa jimbo lile peke yao. Ndani yake mlikuwa na kondoo walioshinda mashindano, viwanda vya sufu, mafuriko, harusi za wakulima, na wachungaji wa kanisa wenye ndevu za kutisha watoto. Kamera zilikuwa hazijaingia magazetini, kwa hiyo kila picha ilichongwa kwa mkono kwenye ubao, mstari kwa mstari, kisha ikapigwa chapa. Na katika kila toleo palikuwa na ukurasa mmoja mzima wa daraja likiinuka. Nguzo ya kwanza mtoni, nguzo ya pili, halafu matao, hadi likabaki pengo katikati, na mafundi wamesimama pande zote mbili wakitazamana. Toleo lililofuata, Mzee Nganga hakuwahi kulitia machoni.

Kasha la kwanza la majarida hayo alilipata akiwa kijana wa kuandika mabango ya maduka, mwaka ambao mzungu mmoja wa Londiani aliuza kila kitu akaenda zake. Watu waligombania ng'ombe na viti. Nganga alichukua kasha la karatasi kwa sababu hakuna aliyelitaka, akajifunza humo jinsi ya kutia kivuli kwenye mchoro, na tangu hapo akashikwa. Aligundua kwamba baadhi ya wenye mashamba ya chai wa zamani walikuwa wazaliwa wa vilima vile vile, nao walikuja na majarida ya baba zao. Basi akawa mtu wa kubisha hodi kwenye nyumba za mameneja, kwenye klabu zao, kwenye stoo za makanisa, kofia mkononi, akiuliza habari za karatasi kuukuu. Wengine walimdhania mwehu. Wengine walimpa ili aondoke.

Binti yake Gathoni alirithi rafu nzima ya majarida, na ugonjwa pia akaurithi. Alikuwa na duka la kutoa kopi na kujalidi vitabu mjini Kericho, mwanamke wa hamsini na kidogo, mkali kwa mteja yeyote aliyelowesha kidole kwa mate ili afunue ukurasa. Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Kabianga alimsaidia kuandikia maktaba za ng'ambo kuuliza lile toleo lililokosekana. Jibu lilikuja kwamba duka la mchapishaji liliungua majira yale ya baridi, nakala chache sana ndizo zilizokuwa zimetoka, na hata mji wenyewe lilikochapishwa haukuwa nalo. Gathoni hakumwambia baba yake. Wiki ya mwisho ya uhai wake, mzee alikuwa anapotea na kurudi, na kila aliporudi aliuliza jambo lile lile, kama wale mafundi wa pande mbili walikutana. Gathoni alisema walikutana. Alisema kumtuliza tu, na uongo ule ulimkaa moyoni mpaka baada ya matanga, kwa sababu baba yake alimtazama kama mtu anayejua kwamba anadanganywa.

Basi ndiyo hali aliyokuwa nayo siku Nelvine alipoingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Nelvine alikuwa mchunaji wa majani chai kutoka Boito, mmoja wa wale waliopunguzwa kazini mashine za kuchuna zilipoletwa, na kampuni ilitaka makaratasi mengi kabla ya kuwaachilia. Akingoja kopi yake alitazama picha ukutani, daraja lenye pengo, ambayo Gathoni alikuwa ameitoa kopi kubwa akaitia fremu.

"Hii daraja naijua," Nelvine akasema. "Iko kwa ukuta ya Mama Aluoch, huko line yetu."

"Hii haiwezi kuwa huko," Gathoni akamjibu, bila hata kuinua kichwa.

"Iko, madam. Nimelala kwa kitanda yake nikimwangalia akiwa mgonjwa. Lakini hiyo yake imeisha. Hata gari moshi inapita juu."

Gathoni alizima mashine ya kopi. Nelvine akasema kwamba kama anataka kuiona asikawie, maana nyumba za line yao zilikuwa zinabomolewa, na Mama Aluoch alikuwa anarudi kwao Rachuonyo kesho yake. Duka lilifungwa saa hiyo hiyo, mteja mmoja akiachwa barazani na karatasi zake mkononi, na njiani Nelvine akampigia Mama Aluoch simu.

Nyumba za wafanyakazi kule Boito zilikuwa za mawe, mstari mrefu katikati ya chai, na baridi ya mawe yale huijui mpaka uilalie. Wakaaji walikuwa na dawa yao. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, mama wa nyumba alipika uji mzito wa unga wa ngano, baba akakusanya magazeti ya mwaka mzima, na ukuta ukabandikwa upya kutoka chini hadi juu ya vichwa vya watu. Watoto walijifunza kusoma kwenye kuta hizo. Gazeti la mwaka huu lilibandikwa juu ya gazeti la mwaka jana, mwaka baada ya mwaka, na nyumba iliyokaliwa muda mrefu ilikuwa na ngozi nene ya karatasi ambayo mtu angeweza kuipiga konzi isilie.

Gathoni na Nelvine walipofika, nusu ya nyumba zilikuwa zimekwisha kuezuliwa mabati. Supavaisa mmoja aitwaye Kipkoech alikuwa akipita mlango kwa mlango kuwakumbusha watu kwamba tingatinga litakuja asubuhi kubomoa, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda. Alimwuliza Gathoni amefuata nini, akaambiwa ni picha ya daraja kwa Aluoch, akawapisha.

Aluoch alikuwa mwanamke wa sitini hivi, mrefu, vidole vyake vimekolea weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa amefunga magunia matatu, kitanda amekifungua, godoro limeviringishwa. Nelvine alieleza shida ya mgeni. Aluoch akamtazama Gathoni kuanzia viatu.

"Wewe ndiye nyar Gikuyu ya vitabu," akasema, kumaanisha binti wa Wakikuyu. "Nelvine ameniambia unajua kushika karatasi. Ingia basi, uone."

Ukuta wote ulikuwa wa magazeti, wanasiasa waliokwisha kufa na matangazo ya sabuni ambazo hazipo tena. Lakini mahali kichwa cha kitanda kilipokuwa, magazeti yalizunguka bila kugusa, yakaacha dirisha, na ndani ya dirisha hilo lilikuwapo daraja. Matao yote. Hakuna pengo. Treni ilikuwa juu yake inatoa moshi, wanaume wameinua kofia, na chini kabisa, kando ya mto, mwanamke anafua nguo bila kuinua macho. Gathoni alisahau kusalimu. Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba sasa hakuwa tena amemdanganya baba yake.

La pili alilofikiri halikuwa zuri sana. Katikati ya ukurasa, chini ya tao kubwa, palikuwa na doa jeusi linalong'aa, la mafuta, upana wa kiganja, na alikasirika moyoni kwamba watu wa hapa hawajui kutunza vitu.

"Mzee wangu Kepher ndiye alileta," Aluoch akasema. "Alikuwa anafagia klabu ya wazungu. Wakaambiwa wachome makaratasi ya zamani kwa boila, yeye akachana karatasi moja akaificha chini ya shati. Alipenda vile karatasi yake ilikuwa nzito. Alikuwa anaiweka, anasema ni ya siku kubwa."

"Na siku kubwa ilikuwa gani, mama?"

Aluoch alikaa juu ya gunia, na Nelvine, ambaye bila shaka alikwisha kuisikia habari hii, alitoka nje kwenda kufunga mizigo yake.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Shirley. Alipokuwa na miaka kumi na moja, shule yao ilishinda kukariri mashairi, na mpiga picha wa gazeti akawapiga picha, Shirley mbele ameshika kombe. Kepher alinunua gazeti lile akalibandika kichwani mwa kitanda kabla ya Krismasi kufika, wapita njia wakaitwa waje waone. Mwaka huo huo malaria ilipanda huku milimani na ikachukua watoto wengi mashambani. Ilimchukua Shirley. Nguo zake ziligawiwa kule nyumbani baada ya maziko kama ilivyo desturi, na picha nyingine hawakuwa nayo, kwa kuwa picha ilikuwa jambo la kwenda mjini na walikuwa wanangoja amalize darasa la nane. Ikabaki ile ya ukutani. Aluoch hakuweza kulala chini yake. Alikuwa anageukia huku, uso uko pale. Anazima taa, anajua uko pale.

"Nikamwambia Kepher, mfunike. Hakutaka kumfunika na gazeti ya hivi hivi, ya siasa. Akatoa hiyo karatasi yake nzito. Akapika uji mwenyewe, akachuja na kitambaa isikuwe na donge. Akamfunika nayo." Alikaza kamba ya gunia alilokalia. "Kepher naye nilimzika juzi juzi. Mimi sasa ndiye nabaki kumjua huyo mtoto, na uso wake umeanza kunipotea. Nakumbuka sauti, nakumbuka nguo. Uso nikiutafuta haukuji."

Alikuwa amejaribu mwenyewe kwa kisu, upande wa chini, na karatasi ikachanika, akaogopa akaacha. Ndipo Nelvine alipompigia simu kumtajia mama wa duka la vitabu.

"Nitolee mtoto wangu," akasema. "Daraja ni yako, chukua. Mimi daraja nitapeleka wapi?"

Gathoni alikubali upesi mno. Akatoa neno lake kwamba atawatoa wote wawili. Aliuliza tu kama angeweza kwenda nazo mjini, akazifanyie kazi taratibu kwa wiki mbili tatu, na hapo Aluoch akatikisa kichwa. Shirley alikuwa ameachwa mochari siku kadhaa wakitafuta gari la kumsafirisha, akasema, na hatabaki tena mikononi mwa watu. Ni leo, na ni hapa.

Kuitoa ukutani haikuwa taabu. Chokaa ya mawe ilikuwa imechoka, na Gathoni alipopitisha kisu chembamba nyuma ya safu zote kwa pamoja, zikaachana na ukuta zikawa kipande kimoja kigumu kama kadibodi. Wakakilaza juu ya mbao za kitanda zilizowekwa kwenye magunia, karibu na mlango penye mwanga. Aluoch akaomba ruhusa. Alitakiwa ofisini kurudisha kikapu na aproni ya kuchunia, halafu kulikuwa na kina mama wa kanisa waliotaka kumwombea safari. Alimwachia Gathoni chumba, magunia, na mtoto.

"Sikuangalii kazi," akasema mlangoni. "Nimekuamini."

Gathoni alichemsha maji kwenye jiko la mkaa, akalowesha kona ya daraja kwa sponji, akangoja, akainua ncha kwa kisu cha mfupa, kile cha kujalidia vitabu. Karatasi ile nzito ilinyanyuka vizuri, nzima, tamu mkononi. Akaigeuza kutazama mgongo wake. Gazeti lililokuwa chini lilikuwa limekuja nayo. Wino wa kona ile, sehemu ya ukuta wa shule na bega la msichana mwingine, ulikuwa umeng'oka wote ukashikamana na mgongo wa daraja vipande vipande, na pale chini pakabaki weupe mtupu.

Hakuwa mtu wa kuhitaji kuambiwa mara mbili. Uji wa Kepher uliochujwa kwa kitambaa ulikuwa umeshika sawasawa kila mahali, bila donge na bila mwanya. Karatasi ya daraja ilikuwa na nguvu na ya gazeti ilikuwa dhaifu, na ukizitenganisha, yenye nguvu huondoka na uso wa dhaifu. Akiivuta angetoka na daraja zima, na uso wa Shirley ungekuwa makombo yaliyogandia nyuma yake. Njia nyingine ilikuwa moja, na alifundishwa na baba yake mwenyewe mezani Londiani: kuisugua karatasi ya juu kwa kidole chenye maji, ianze kujiviringa kama uchafu wa ngozi, uitoe chembe kwa chembe kutoka juu hadi iishe, ndipo ya chini ibaki salama. Wote wawili hawatatoka. Alijaribu kona nyingine, kwa matumaini ya kijinga, na ikawa vile vile.

Akaketi. Hakukuwa na mtu chumbani. Nje Nelvine alikuwa anabishana na mtu juu ya kamba. Gathoni alifikiri jambo ambalo wewe na mimi tungelifikiri, tusijidanganye. Angelivuta daraja sasa hivi, likae baina ya makadibodi mawili kwenye mkoba wake, na mama akirudi amwambie kwamba unyevu ulikuwa umekwisha kuila picha ya mtoto miaka mingi, pole sana, mama. Aluoch angeamini. Angelia kidogo na kumshukuru kwa kujaribu. Daraja la baba yake lingekamilika baada ya umri mzima wa mtu, labda nakala ya pekee duniani, na ni nani angesema ni kosa? Picha ya gazeti la kawaida, ya watoto wa shule. Magazeti kama lile yalichapwa maelfu. Alijiambia hata kwamba pengine kuna nakala Nairobi, angemtafutia, ingawa alijua jinsi magazeti yanavyotunzwa na alijua kwamba mama yule hakukumbuka hata lilikuwa gazeti gani la mwezi gani.

Alishika kisu cha mfupa. Kidole chake cha gumba kilitua kwenye lile doa jeusi, na pale karatasi ilikuwa laini kuliko mahali pengine pote, imenyooka, michoro imefifia. Alilitazama kwa jicho la kazi, kwa mara ya kwanza bila hasira. Halikuwa doa la mafuta ya kupikia. Lilikuwa na umbo. Kiganja cha mtu kilikuwa kimewekwa hapo, mahali pale pale, asubuhi baada ya asubuhi kwa miaka ishirini na zaidi, na utomvu wa chai ukakolea. Aluoch alijua uso uko wapi chini ya karatasi. Alishindwa kuutazama na hakushindwa kuugusa.

Gathoni alilia hapo, peke yake, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu alijua tayari atakalofanya na hakulitaka. Alimlaumu baba yake, aliyemfundisha kutafuta na hakumfundisha kuacha. Kisha alitoa simu, akapiga picha ya daraja mara nyingi, karibu na mbali. Picha ya simu si karatasi, na anayeijua karatasi hahitaji kuelezwa. Lakini mafundi walikuwa wamekutana, na hilo angalau alikuwa ameliona kwa macho yake.

Akalowesha kidole, akaanza na treni.

Ilitoka kwa shida, wino wa zamani ule, halafu ikaachia. Moshi ulikwenda, mabehewa yakaenda, wanaume wenye kofia wakawa vijiti vidogo vya kijivu chini ya kidole chake. Alifanya kazi akielekea ndani, kutoka pembeni kwenda kwenye tao la kati. Kipkoech alipita akachungulia mlangoni, akasimama muda mrefu.

"Si hii ya juu ndio ulikuja kuchukua?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na sasa unaimaliza."

"Naimaliza."

Kipkoech aliondoka, akarudi na birika la maji moto, akaliweka karibu naye kwa utaratibu, akaenda zake.

Utando wa mwisho ndio wenye hatari, ule mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ambapo kosa la ukucha mmoja linachukua jicho la mtu. Hapo maji hayafai. Baba yake alimwonyesha zamani kwamba uji wa unga haulegezwi na kitu vizuri kuliko mate ya binadamu, na kwa kazi ngumu alikuwa akiramba kidole bila kumwonea mtu haya. Gathoni, aliyewafukuza wateja kwa kosa hilo hilo, aliramba kidole chake na kusugua, akaramba tena, ladha ya vumbi na unga wa Kepher ikamjaa kinywani. Mto ulikwenda. Yule mwanamke anayefua alikwenda wa mwisho. Na chini yake kikaanza kuja kivuli, kisha nukta nyingi za kijivu, kisha paji la uso.

Aluoch alirudi jua likishuka juu ya chai. Kina mama wa kanisa walikuwa wamemsindikiza mpaka kona, akawaaga pale. Aliingia akisema kwamba ofisini wamemchelewesha kwa ajili ya aproni moja iliyochanika, kisha akaona meza ya mbao na akaacha kusema.

Alitafuta daraja kwanza. Aliangalia juu ya godoro, akaangalia mkoba wa Gathoni uliokuwa wazi na mtupu, akaangalia sakafuni, ambapo vijiti vya kijivu vilikuwa vimetapakaa karibu na miguu ya Gathoni. Aliinama akaokota kidogo, akakisaga baina ya vidole vyake vyeusi.

"Ni hii?"

"Ni hiyo, mama."

"Si ulisema utatoa zote mbili?"

"Nilisema bila kujua. Hazikukubali."

Aluoch alisimama na zile chembe mkononi, hajui aziweke wapi. Mwishowe alizitia kwenye kitambaa alichokuwa amejitanda, akakifunga fundo. Gathoni akasogea ili mwanga wa mlango upite.

Kipande kilikuwa bado kimelowa. Bega la msichana mmoja halikuwapo, na juu palikuwa na mkwaruzo. Lakini katikati alisimama mtoto mwenye sare iliyompwaya, ameshika kombe kwa mikono miwili kana kwamba ni zito, amekunja macho kwa jua, shingo nyembamba, meno ya mbele makubwa kuliko uso. Aluoch aliinama taratibu mpaka pumzi yake ikawa karibu kugusa karatasi. Hakulia. Alitazama kwa muda mrefu, na Gathoni aliogopa kwamba labda amefanya kosa, kwamba labda si huyu.

"Ni yeye, mama?"

"Ni yeye." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa. "Mimi kwa kichwa yangu alikuwa anaendelea kukua. Naongeanga na yeye kama mwanamke mwenzangu, namwambia shida za nyumba. Hata hii ya kufutwa kazi nilimwambia, nikamkasirikia ati ananyamaza." Alisogeza kidole juu ya uso ule bila kuugusa. "Kumbe ni katoto. Kumbe alikuwa mdogo hivi."

Gathoni alivuta gunia jingine karibu na mbao, wakakaa wawili, wakimtazama mtoto akikauka.